Dafu la Mama Mkwe

Wewe unayenisikiliza, vuta kigoda nikuambie aibu yangu mwenyewe, maana nimechoka kusikia wengine wakiisimulia vibaya. Wakati wa Mwingereza nilikuwa mwalimu mchanga hapa Njombe, na kila Jumapili baada ya ibada watu kama kumi walikuja barazani kwangu, tukajifunika mablanketi, tukala viazi vya kuchoma huku nikiwasomea kitabu cha hadithi (tulikuwa nacho kimoja tu, kwa hiyo tulikisoma polepole kama watu wanaolamba asali), na ukurasa ukiisha kila mtu alisema lake, huyu kapenda, yule kakasirika, mwingine anataka jambazi apigwe tena.

Aliyesema kuliko wote ni Mama Tumaini. Binti yake, Tumaini, nilikuwa nimemposa. Baba yake alikwisha kubali, jibu la mama ndilo nililokuwa nalingoja, kwa hiyo nilisoma kwa madaha.

Siku moja nikafika mahali palipoandikwa kwamba maadui watatu walimvamia shujaa, lakini hakuna aliyefua dafu mbele yake.

"Dafu ndiyo nini, mwalimu?" akauliza Mama Tumaini.

Sikujua. Huku kwetu milimani mnazi hatuuoni, na Kiswahili tumekikuta shuleni, nyumbani ni Kibena. Ningesema sijui, yangeisha. Lakini Tumaini alikuwa akinitazama, na kufua nakujua, ni kufua nguo, basi nikaeleza taratibu kama niko darasani: "Dafu ni shuka jeupe la watu wa pwani. Hawa maadui hawakulifua, wakaenda vitani wachafu."

"Ndiyo maana wakapigwa!" akasema Mama Tumaini. "Uchafu unaondoa nguvu!" Wote wakaafiki, tukazungumza kwa furaha mpaka viazi vikaungua.

Wiki iliyofuata mshenga wangu akarudi na jibu. Mama anakubali, ila kwenye haki yake ya mahari hataki blanketi. Anataka dafu, alivae kanisani siku ya mavuno. Hapo tena ningeweza kukiri. Nikasema, "Dogo hilo."

Njombe dafu halikupatikana. Tukapanda lori, mimi na mama mkwe wangu mtarajiwa (alikuja mwenyewe ili limtoshe), mpaka Makambako yanakosimama malori ya mbali, tukaingia katika duka lililojaa wasafiri, nami nikasema kwa sauti ya kialimu, "Nataka dafu. Jeupe, la kumtosha mama huyu."

Mama Tumaini akanyoosha mikono. "Nipimeni, wanangu, msiogope. Na liwe refu, kuna baridi."

Dereva mmoja, mtu wa Tanga, aliyekuwa akinywa chai mlangoni, akaitema yote. "Mama, dafu ndilo huingia tumboni, tumbo haliingii ndani ya dafu!" Akaeleza, huku akifuta machozi, kwamba dafu ni nazi changa, watu hunywa maji yake, kulifua ni kulitoa makumbi, lile ganda lake la nje, na asiyefua dafu ni mtu aliyeshindwa, basi. Duka zima likalipuka kwa kicheko, mwenye duka akaegemea mizani yake asianguke.

Mama Tumaini akashusha mikono polepole. "Mwalimu. Na ile habari ya uchafu?"

"Niliitunga, mama."

"Nimefua mablanketi yote ya nyumba kwa ajili ya habari yako! Kwa baridi hii! Baba Tumaini amelala na gunia!"

Nikajua mke nimemkosa. Nikautazama mlango. Lakini mabega yake yakaanza kutikisika, akakaa juu ya gunia la chumvi, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. "Haya, dafu nimekusamehe," akasema. "Ila ukurasa ule utausoma upya mbele ya wote, na useme mwenyewe ulichofanya. Ukiweza hilo, binti ni wako."

Jumapili nikausoma, nikakiri, wakanicheka mpaka jioni (Tumaini kuliko wote), na mwezi uliofuata tukafunga ndoa.

Tangu hapo sijathubutu kueleza neno nisilolijua. Nawe ukisoma na wenzako mkakutana na neno geni, weka kidole juu yake, sema "hili silijui," kisha muulize anayelijua kabla hujafunua ukurasa mwingine.