Majirani Waliosema Hawatujui

Harufu ya pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa chenye maji bado inanirudisha Kabeza, kwenye duka la baba la ushonaji, karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Ulikuwa mwaka 1993. Nilikuwa msichana wa sekondari, mwenye haya kiasi kwamba mteja akiingia nilijificha nyuma ya magauni yaliyotundikwa. Huko nyuma nilisikia mengi. Siku hizo za vita, ukoo wako ulipoweza kukuponza, mtu mgeni akipita, redio ilipunguzwa sauti na mazungumzo yakageuka kuwa ya mvua. Ukiulizwa babu yako alitoka wapi, ulijiuliza kwanza jibu linapelekwa kwa nani.

Shuleni tulikuwa tukisoma mchezo wa kuigiza wa zamani, wa kijana na msichana waliopendana huku nyumba zao zikichukiana, mpaka wote wawili wakafa. Mwalimu alitaka tumwambie ni nini hasa kilichowaangamiza. Wavulana walisema ni haraka yao wenyewe, wasichana wakasema ni wazazi. Mimi nyumbani nilikuwa na mchezo wangu. Dada yangu Mariamu, aliyeshona pamoja na baba, alipendana na Hasani, kijana aliyetuletea vitambaa na kukaa zaidi kuliko biashara ilivyohitaji. "Huyu anauza kitambaa au anakiaga?" baba alikuwa akisema, na Mariamu akainamia cherehani, masikio yakimwaka.

Kwao Hasani wakakubali kumtuma umuranga, yaani mshenga. Kwa desturi, kabla hajabisha hodi kwa wazazi wa binti, hupita kimyakimya kwa majirani akiuliza habari za ukoo: wametoka wapi, wanaishije na watu. Nyumba ya binti haiambiwi, ili majirani waseme kwa uhuru. Sisi tulijua tu kwamba siku yoyote atakuja, mzee wa kwao mwenye koti la kijivu. Mariamu alishona vitambaa vya meza, akavifumua, akavishona tena.

Aliyekuja ni Hasani mwenyewe, na hakukaa. "Baba, nyumbani wamekataa. Wanasema watu wasiojulikana hata na jirani wa ukuta, lazima kuna kitu wanaficha."

"Sisi?" baba akauliza, mkasi mkononi. "Mtaa mzima nimeushonea nguo za harusi na za msiba, nani asiyenijua?"

Jioni ileile aliingia Mama Vestine, jirani yetu wa ukuta, amejaa fahari. "Mama Mariamu, leo unipe chai nzito! Wiki iliyopita kuna mzee alikuja kuulizauliza, ninyi ni watu gani, mlitoka wapi. Nikamwambia hao siwajui kabisa. Nikapita na kwa wengine kuwaonya. Mtaa wote ukafunga mdomo."

Mama akaketi kwenye ngazi. "Alikuwa na koti la kijivu?"

"Yego, ndiye huyo! Na macho ya mpelelezi."

Mama hakumgombeza. Angemgombeza vipi mtu aliyekuwa anatuficha? Alimweleza taratibu kwamba yule alikuwa mshenga, na Mama Vestine akajifunika uso kwa kitenge. Kesho yake Mama Vestine alikwenda mwenyewe kwa kina Hasani kusema ukweli. Wakamsikiliza, kisha wakamuuliza ametumwa na nani. Hasani hakuleta tena vitambaa.

Wiki ile mwalimu alinisimamisha. Nikasema, nikitazama viatu vyangu, kwamba labda katika mchezo ule kila mtu alikuwa anamlinda mtu. Darasa likacheka. "Hilo umelisoma ukurasa gani?" mwalimu akauliza. Nikaketi.

Mwaka uliofuata, ule wa mauaji ya kimbari, ulimchukua Mama Vestine. Hasani sikuwahi kujua alikoishia. Mariamu aliolewa baadaye, mbali, na mtu ambaye hakumtuma yeyote kuuliza. Mimi nimebaki Kabeza. Siku hizi vijana huchaguana kwenye simu, na mshenga wengi humwita siku ya sherehe tu, aseme maneno matamu watu wapige makofi. Ndiyo maana nilishtuka juzi mzee mmoja aliposimama mlangoni kwangu mchana kweupe, akaniuliza kuhusu nyumba ya pili, yenye binti mkubwa. "Unawajua hawa, mama?"

Neno "siwajui" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikamtazama koti, nikamtazama mikono. "Nawajua," nikasema. "Ni watu wazuri. Ingia, baba, ukae nikueleze."

Kisha, kabla ya kuendelea, nikainuka kufunga dirisha.