Picha Iliyo Ukutani Kwetu Si Sura ya Mama

Assalamu alaikum ndugu zangu. Admin, nifichie jina, maana Amu, yaani Lamu, ni mji wa vichochoro: neno likisemwa Mkomani asubuhi, adhuhuri liko forodhani. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, nina mume na binti mmoja. Kazi yangu ni kupiga picha za maharusi upande wa wanawake, kule ambako mpiga picha wa kiume haingii. Leo nina kamera nzuri, lakini kinachonila roho ni picha niliyopiga kwa simu, kabla sijawa na chombo chochote cha maana.

Mama yangu hakupenda kupigwa picha. Tangu utotoni kope la jicho lake moja lilikuwa limelegea, wenziwe wakimcheka, basi akiona kamera hujifunika leso uso mzima. Siku hiyo alikuwa amekaa uani akishona kofia ya Baba. Nikakaa naye, tukazungumza na kuteta watu kidogo, hadi akasahau kwamba nina simu mkononi. Nilipoiinua akanikunjia uso, kisha akasema, "Haya, piga moya tu, kisha uniwate," yaani moja tu, nimwache. Nikapiga anapoanza kucheka. Alitikisika, na simu yenyewe ilikuwa duni, picha ikatoka na ukungu. Lakini alikuwa yeye hasa: lile jicho, pengo lake la mbele, na uzi alioubana mdomoni.

Mama aliugua ghafla, akatutoka. Tulimzika siku ileile alasiri, kama ilivyo kwetu. Kaka yangu mkubwa yuko Uarabuni kikazi, hakuwahi maziko. Alinipigia akilia, "Nitumie picha yake, dada yangu, yoyote ile." Nilikuwa na hiyo moja tu. Nikamtumia.

Alipokuja likizo alikuja na picha kubwa ndani ya fremu. Kumbe kule alimpa mtu wa kompyuta aisafishe, na ile programu ikajijazia yenyewe palipokuwa na ukungu. Ua la leso unalihesabu petali. Macho yote mawili yamefunguka sawasawa, pengo limezibwa, uzi hauko, ngozi laini kama ya bi harusi. Wageni wakawa wanasema, "Mashallah, kama atasema!" Mimi nikaisogelea. Kuna mwanamke nisiyemjua amevaa leso ya mama yangu.

Nilimvuta Kaka pembeni. "Kaka, huyu si Mama."

Akanijibu kwa ukali, "Kosa ni la simu yako! Ungekuwa na kamera ya maana siku ile, nisingemwomba mtu."

Neno lile lilinichoma. Nikamwambia ningemwendea Mama na kamera kubwa asingenifunulia uso, kwamba picha ile niliipata kwa sababu nilijua kukaa naye. Akasema, "Na huko kujua kwako kumetupa nini? Ukungu." Kisha sauti ikamshuka. "Mimi sikumzika. Huyu ndiye ninayezungumza naye kila siku. Usininyang'anye." Nikaiacha ukutani.

Wakati huo Baba alikuwa haoni vizuri, ana mtoto wa jicho. Alisikia tu watu wakiisifu picha. Baada ya Kaka kurudi kazini, Baba akapasuliwa macho, alhamdulillah, akafunguliwa bandeji. Kufika nyumbani tu akasema, "Nipelekeni nikamuone mama yenu." Kaka alikuwa hewani kwa video, amefurahi kama mtoto. Baba akasimama mbele ya ile fremu. Akanigeukia akauliza polepole, "Huyu ni nani?"

Kabla sijafungua mdomo, Kaka akapaza sauti kwenye simu, "Ni Mama, Baba! Humuoni?"

Baba akaitika, "Eeh. Ni yeye."

Nilipompelekea chai chumbani nilimkuta analia. Akaniambia, "Mato yamefunguka, mwanangu, lakini akili imefunga. Nimemsahau mke wangu."

Ndugu zangu, siku hizi Baba akitoka msikitini kuswali Alasiri huja kukaa mbele ya picha ile kujifunza sura. Juzi nilimsikia akimwambia binti yangu, "Bibi yako alikuwa na mato makubwa, mazuri, sawasawa yote mawili." Na mimi mwenyewe nikilala Mama hunijia kwa uso ule wa ukutani. Ananiita kwa jina, nami naona haya kumuitikia, kwa kuwa simjui.

Picha ya kweli ningali nayo. Nikimuonyesha Baba, Kaka atajua, na ninaogopa nitakuwa nimemzikia mama yake mara ya pili bila yeye kuwepo. Nisipomuonyesha, Baba ataondoka duniani akiamini kwamba alimsahau mwanamke aliyeishi naye umri wote. Jana nilifika hadi mlangoni kwake na simu mkononi, nikarudi. Kuna jambo jingine lililonirudisha, na hili sijamwambia hata mume wangu. Je, Baba akiutazama ule ukungu, naye akaniuliza tena, "Huyu ni nani?"

Enyi wenye wazazi na mliofiwa, niambieni mngekuwa mimi mngefanyaje. Nitasoma kila mtakachoandika.