Munkoyo Tuliopeleka Stesheni

Ili ujue Likasi ilivyonipokea, ndugu yangu, lazima kwanza nikupandishe treni. Tuliondoka Kabalo, mimi na mjomba, katika behewa lisilo na vioo, na safari iliyosemwa kuwa ya siku mbili ikala karibu wiki nzima. Injini ilikuwa inachoka. Inasimama katikati ya nyasi, dereva anashuka na kuwasha sigara, abiria nao wanashuka, wanakoka moto na kuchoma mihogo kana kwamba hapo ndipo walipokuwa wanakwenda. Baba alikuwa amefariki. Mama hakuweza kutulea sote, na mimi niliyekuwa mkubwa nikapelekwa kwa mama yake Likasi, mji wa migodi.

Bibi, ambaye kwetu Katanga tunamwita nkambo, hakunikumbatia. Alinikalisha kwenye kigoda, akachota kikombe kutoka kwenye kibuyu, akanywa funda moja huku akinitazama machoni, ndipo akanipa. Nilidhani ni uchoyo. Mjomba akacheka sana.

"Weye iko mugeni," akaniambia. "Anakuonyesha kama haiko sumu."

Nikanywa. Kilikuwa kitamu mbele na kichachu nyuma, na kilinukia udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Hiyo ndiyo siku nilipoonja munkoyo.

Munkoyo ni jina la mzizi wa porini, na ni jina la kinywaji kinachotokana nao. Bibi aliuchimba mwenyewe, upande wa kuelekea Kapolowe, kwa jembe fupi lililokuwa limeisha makali. Nilikwenda naye mara nyingi, nikibeba gunia. Alikuwa anakata kipande cha kila mzizi, anakitafuna kidogo, anatema, anasubiri. Maana mzizi huo una ndugu yake anayefanana naye kama pacha, na huyo ndugu anaua. Ndiyo sababu ya ile desturi: aliyepika huonja kwanza mbele ya mgeni. Mtu wa nyumbani haonjewi. Baada ya wiki kadhaa bibi alinipa kikombe bila kuonja, akaendelea kupepeta mahindi yake kama hakuna lililotokea, na mimi nikajua kwamba sasa nina kwetu.

Siku ya kupika, uani kulikuwa na pipa juu ya mafiga, na uji wa mahindi ukitokota tangu asubuhi mpaka mikono ya mkorogaji iume. Ukishapoa na kubaki vuguvugu, bibi alitia mizizi iliyopondwa hadi ikawa nyuzi kama kamba. Halafu akaniita nije nione. Uji ule mzito, uliokuwa unashika mwiko, ulianza kulegea wenyewe, ukawa mwepesi kama maji. Sijachoka kushangaa mpaka leo. Tulichuja, tukamimina kwenye vibuyu ambavyo havikuwahi kuona sabuni. Siku ya kwanza ulikuwa mtamu, wa watoto. Siku ya tatu ulikuwa wa watu wazima, unapanda puani. Maji ya mizizi peke yake, bila uji, tulipewa tumbo likiuma. Bibi alikuwa na msemo: "Munkoyo haina haraka. Mwenye haraka ni njaa."

Hakupika peke yake. Nyumba iliyofuata, ng'ambo ya ua wa maua mekundu, alikaa mama jirani, mke wa fundi wa karakana. Bibi alileta mizizi, yeye alileta unga, na pipa lilikuwa la wote wawili. Asili ya familia yake ilikuwa Kasai, lakini yeye alizaliwa palepale Likasi, akabatizwa palepale, na Kasai aliijua kwa kusimuliwa tu. Alimwita bibi "yaya", yaani dada mkubwa, bibi akamwita "mudogo", na kutwa nzima walikuwa wanachokozana.

"Yaya, hii mizizi umetia kidogo. Unaiwekea nani, ba askofu?"

"Nyamaza, mudogo. Weye unakunywaka sawa radiatere ya kamio. Hata nikitia pori muzima haikutoshe."

Mama jirani, kwa kufananishwa na rejeta ya lori, alikuwa anacheka mpaka mwiko unamtoka mkononi. Alijichotea mwenyewe kibuyuni, bila kuuliza, na sikuwahi kumwona bibi akimwonjea. Kati yao hilo lilikuwa limekwisha kabla mimi sijazaliwa.

Halafu mambo yakaanza kuharibika, na huenda wewe uliyasikia huko ulikokuwa. Mishahara ilichelewa, kisha ikaacha kuja. King'ora cha karakana kilichokuwa kinatuamsha asubuhi kilinyamaza, tukaanza kuamka kwa mazoea tu. Maduka yalivunjwa. Watu walilima mpaka kando ya barabara. Samaki wakavu wa ziwa Tshangalele waliokuwa wanauzwa kwa rundo wakawa wanauzwa mmoja mmoja. Na katika njaa hiyo yakaja maneno mengine, ya redioni na ya mikutano, kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Usiku mawe yalianguka juu ya mabati ya mama jirani. Yalipoanguka tena na tena, mumewe alifunga vitu vyao katika mashuka, wakahamia stesheni pamoja na maelfu wengine, kungojea treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Wiki haikuisha, watu tusiowajua wakaingia katika nyumba yao.

Bibi alikwenda porini peke yake, akarudi na mizizi, akatoa mahindi yaliyokuwa akiba yetu ya mwisho. Mwanamke mmoja wa mtaani akamuuliza kutoka ng'ambo ya ua, "Ba nkambo, unabapikia bale?"

"Ninamupikia mudogo yangu," bibi akajibu. "Weye kama uko na kiu, kuya na kikombe."

Alitaka jambo moja tu: mama jirani asiondoke Likasi kabla hawajanywa pamoja. Alingoja mpaka siku ya tatu, kwa sababu mwenzake aliupenda mkali. Tukabeba vibuyu, yeye kimoja, mimi kimoja.

Sijui nikueleze vipi stesheni ile. Mashuka yalikuwa yametandazwa juu ya vijiti, kulikuwa na sufuria, vitanda vilivyosimamishwa, watoto wanakohoa, na harufu ya watu wengi wasio na maji. Tulimkuta mama jirani ameketi juu ya cherehani yake. Alipomwona bibi alisimama, uso ukafunguka kabisa, akanyoosha mkono kuchukua kikombe kama siku zote.

Hapo mwanamume mmoja, shemeji yake, akapaza sauti. "Musikunywe! Munajua nini banatia mule? Bantu ya hii muji banatuletea sumu!"

Watu wakageuka. Kulikuwa na uvumi wa aina hiyo kila upande, na mizizi ya munkoyo ilikuwa na sifa yake. Bibi alimtazama yule bwana. Akachota kikombe, akakinyanyua juu ili wote waone, akanywa funda kubwa. Kisha akachota kingine, akampa mama jirani.

Mama jirani alikishika. Hakunywa.

"Yaya," akasema polepole, "leo njo unanionjea?"

"Si juu yako, mudogo. Ni juu ya ule bwana."

"Basi ungemupa yeye. Bantu banasema minye iko mugeni hapa. Sasa na weye?"

Bibi akakiweka kibuyu chini, kati yao. Mama jirani akampa kikombe mtoto aliyekuwa karibu. "Batoto banywe," akasema, akaketi tena juu ya cherehani yake, uso ameuelekeza kwenye reli.

Watoto wakanywa. Mama zao wakanywa. Hata yule shemeji, alipoona hakuna aliyeanguka, alikuja na kopo lake, akarudi mara ya pili. Vibuyu vikaisha. Kwetu mpishi anayerudi na kibuyu kitupu hurudi akiimba. Bibi alitembea mbele yangu njia nzima bila kugeuka, maana walikuwa wamekunywa wote isipokuwa yule aliyepikiwa.

Kesho yake alfajiri aliazima unga na kuanza upya. Nilimwambia twende tu, tumsalimie. Akakataa. Mtu aliyekosana na mwenzake haendi mikono mitupu, akasema. Ataonekana anakwenda kumchungulia. Basi tukapika. Tulikuwa tunachuja, mikono yake inachuruzika mpaka viwikoni, tuliposikia honi. Honi ndefu, ya treni inayoondoka. Nilitupa kichujio nikataka kukimbia.

"Unapeleka nini?" akaniuliza. "Haijaiva. Unapeleka uji?"

Akaendelea kukamua ile mizizi, hata ilipokuwa haitoi kitu tena.

Sasa nami nimeshapita arobaini, na nimelala katika miji mingi kuliko ninavyoweza kukutajia. Kila ninapoukumbuka mkono ule unaokamua, natamani kumshika kiwiko, nimwambie, nkambo, nenda hivyo hivyo, na unga kwenye nguo. Angetoka alfajiri ile, angefika. Nadhani mwenzake alikuwa anatazama njia mpaka behewa lilipotikisika. Lakini bibi alifundishwa adabu na watu waliokuwa na muda, na mwaka ule hapakuwa na muda.

Nimefika Kasai, nimeuliza Mwene-Ditu, nimeuliza mpaka Mbuji-Mayi, kwa kumtaja mumewe na kazi ya mumewe. Mafundi wa karakana waliotoka Likasi ni wengi huko, na wengi hawakufika hai. Hakuna aliyemjua. Pori la Kapolowe nalo limeishia kwenye magunia ya makaa. Munkoyo bado unauzwa, katika chupa za plastiki, umetiwa sukari na hamira, na anayekuuzia hakuonjei, kwa kuwa hajui kwamba iliwahi kuwepo sababu.

Niliondoka Likasi nilipomaliza sekondari na kuona diploma yangu haina wa kuisoma. Lori la chumvi lilikuwa linanisubiri barabara kubwa. Bibi alinifungia mahindi ya kukaanga katika kitambaa. Akaniuliza kama lori linafika Kasai. Nikamwambia halifiki, lakini mimi ninaweza kufika siku moja. Akakaza fundo la kile kitambaa.

"Ukimuona, umuangalie tu kama iko muzima."

"Nimwambie nini, nkambo?"

"Usimuambie kitu. Minye njo nilipaswa kumuambia."

Kwetu anayesafiri husindikizwa. Hata muuza mkaa, bibi alikuwa anamsindikiza mpaka penye barabara, wakizungumza, wakisimama, wakianza kuagana upya. Nilibeba mfuko wangu nikamngoja mlangoni. Hakuinuka kwenye kigoda.

"Enda," akasema. "Minye sisindikize tena muntu."

Nikaenda peke yangu.