Binti yangu alinyimwa marahaba kwa sababu ya herufi K

Wakuu, heshima mbele. Wakubwa wote shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeanza na salamu makusudi, mtaona kwa nini. Haya yametokea nyumbani kwangu na sijatia chumvi. Mkiona nina hasira, ni kweli ninazo.

Mimi ni mkulima wa karoti na kabichi huku Malindi, Lushoto. Nina binti anaitwa Rukia, yuko darasa la awali. Akili anazo, na nyumbani anaongea mpaka mama yake anaomba poo.

Shida ilikuwa K na G. K kwake ilikuwa T, G ikawa D. Kuku ni tutu, gari ni dari. Jina lake mwenyewe alilitaja Rutia, na watu wazima na ndevu zao wakalidaka, wakawa wanamwita Rutia njia nzima.

Sasa huku kwetu mtoto hapiti mbele ya mkubwa bila shikamoo. Na ndani ya shikamoo kuna K.

Kuna mzee ana duka pale njia panda. Rukia akitumwa chumvi anaamkia, "Shitamoo." Mzee haitikii. Anamwambia, "Sema vizuri kwanza." Mtoto anarudia, wateja wanacheka. Anarudia tena, sauti inazidi kushuka, wanacheka tena. Chumvi anapewa, marahaba hapewi.

Jamani, tangu lini marahaba ikauzwa?

Rukia akaacha kuamkia. Alianza kuacha dukani, kisha shuleni, mwisho hata kwa majirani. Akitoka nje ya ua wetu mdomo unafungwa. Mtoto anayeongea kutwa nzima, nje akawa bubu.

Halafu mzee yule yule akanisimamisha barabarani. "Mwanao siku hizi hana adabu, anapita kimya. Na ule ulimi mpelekeni akakatwe kile kiuzi cha chini." Nikamsikiliza kwa heshima maana ni mkubwa wangu, lakini moyoni nilikuwa nachemka. Umfunge mtoto mdomo wewe, kisha uje kumshtaki kwa kunyamaza!

Shuleni nako mwalimu akasema tuache Kishambaa nyumbani, eti kinamchanganya. Nikamuuliza, mwalimu, mbona hata kwenye Kishambaa anakosea herufi zile zile? Akasema tujaribu tu. Tujaribu nini sasa? Bibi yake aongee naye kwa ishara?

Tukaenda hospitali. Masikio yakapimwa, yako sawa. Kile kiuzi hakina tatizo lolote, wembe wa nini. Tukaelekezwa Tanga kwa mtaalamu wa matamshi, mama mmoja mpole. Akatuonyesha kwamba ulimi wa Rukia unagonga mbele, nyuma ya meno, wakati K inatengenezwa huku nyuma karibu na koo.

Akatukataza kabisa ile "sema vizuri". Akisema tutu, wewe jibu tu, "Ndiyo, kuku, kuku wetu," maisha yaendelee. Mazoezi yawe mafupi, yawe mchezo, akichoka mnaacha.

Tanga si jirani, kwa hiyo kazi ikawa yetu.

Mama yake alimlaza chali kwenye mkeka, mdomo wazi, ulimi ukajirudia nyuma wenyewe. Ncha yake anaizuia taratibu kwa kijiko, Rukia anaambiwa akohoe kidogo. Mwanzo ilitoka T na vicheko tu. Baadaye ikatoka sauti kama ya mtu aliyekwamwa na punje ya hindi kooni. Ile ndiyo K yenyewe. Mama yake aliniita mbio kutoka bandani, nikadhani kuna nyoka.

Mimi nikaihamishia kwenye karoti. Jioni tukichambua za kupeleka sokoni, kila anayonipa anaitolea K moja. K tupu, siyo neno. Siku moja nikakimbilia neno zima, ikatoka taroti, mama yake akanikata jicho. Tukarudi nyuma: K, kisha ka, ki, ku, ndipo karoti. Ilichukua miezi, wakuu, msidanganywe na video za mitandaoni. G mpaka leo inatusumbua.

Na muda wote huo, kila shitamoo aliyotoa nyumbani ilipata marahaba yake. Hiyo nilisimamia mwenyewe, hata wageni niliwaambia mlangoni.

Juzi tumepita dukani. Rukia akasimama mwenyewe, "Shikamoo babu." Imenyooka kabisa. Mzee akaitika kwa bashasha, kisha akawageukia wateja, "Mmeona? Huyu nimemnyoosha mimi."

Wakuu, nilimshika Rukia mkono, tukaondoka.

Wazazi wenzangu, pimeni masikio kwanza, wembe wekeni mbali, lugha ya bibi msiitupe, na mfanye mazoezi kidogo kidogo. Na wewe mkubwa, mtoto akikuamkia, itika. Herufi tuachie sisi.

Maana tulipokuwa tunapanda kilima kurudi nyumbani, Rukia aliniuliza, "Baba, zile za zamani hazikuwa shikamoo?"

Nikamwambia zilikuwa shikamoo.

"Sasa mbona babu hakuitika?"

Sijampa jibu mpaka leo. Mwenye nalo aandike hapo chini, nitamsomea.