Waya Uliokatwa Chini ya Pikapu ya Nyanya

Zamani, rafiki yangu, nilipenda harufu ya petroli. Wengine huikumbuka nyumba ya nyanya yao kwa maziwa au kwa moshi wa kuni. Mimi niliikumbuka kwa pikapu yake kuukuu, iliyolala kwenye kibanda kando ya jikoni na kutuamsha kila asubuhi kabla chai haijachemka. Desemba iliyopita nilirudi kule kwetu, upande wa Ndanai, nikalala chini ya pikapu hiyo kurekebisha geji ya mafuta. Tangu siku hiyo nikipita kituo cha petroli naziba pua.

Nianze na mazuri, maana yalikuwepo. Wakati wa likizo, sisi wajukuu tulipanda nyuma pamoja na madebe ya maziwa na magunia ya majani mabichi ya chai. Ukungu ulitulowesha nyusi. Dereva alikuwa anko, kitindamimba wa nyanya, na injini ilipogoma kwa baridi, aliyekuja kusukuma ni jirani yetu. Alitoka upande wa Kisii. Alikuwa amekuja kuchuma chai kwenye shamba kubwa, kisha akanunua kipande cha ardhi kando yetu. Mkewe alituletea ndizi ndogo tamu, nyanya akamjazia mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwenye kibuyu kilichosuguliwa makaa. Jirani alikunja uso kila mara. "Mama, hii kitu yenu inanuka makaa," alisema. "Lakini lete."

Nyanya hakujua kuendesha gari. Hata hivyo, kila jioni alimwamuru anko awashe ufunguo, kisha akachungulia mshale wa mafuta kama anayekagua chungu cha mboga. "Mshale haujui kubembeleza mtu," alipenda kusema. Siku moja mshale ukalala chini kabisa, kwenye alama ya tanki tupu, na haukuinuka tena. Anko akasema geji imekufa na spea zake hazipatikani.

Kuanzia hapo petroli ikawa inaisha kiajabu. Tulikwama mlimani mpaka maziwa yakachacha, tukayamwaga mtaroni huku mbwa wakitufuata. Anko akasema kuna mtu anayefyonza petroli usiku. Hakutaja jina. Aliuliza tu ni nani hapa ana mpira mrefu.

Jirani alikuwa nao. Aliutumia kuwanywesha ng'ombe wake maji.

Wazee waliitwa sebuleni kwa nyanya, wakanywa chai na chapati kwanza. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili akasema, "Mgeni ni mgeni, hata akizalia hapa." Jirani alisimama mlangoni na mpira wake mkononi. "Mwalimu, nusa," alisema. "Si unasema mimi ni mwizi? Nusa huu mpira." Mwalimu aliangalia kikombe chake. Hakuna aliyenusa. Kabla ya mvua ndefu jirani aliuza shamba, akaondoka na mkewe na watoto wawili tuliozoea kucheza nao. Wengine husema walikwenda Londiani, wengine Kedowa.

Desemba hiyo nyanya alitaka kuiuza pikapu, na mnunuzi alisema hanunui gari lisiloonyesha mafuta. Kwa kuwa nilisoma fizikia chuo kikuu, na kwa kuwa huniambii kitu nikakikubali bila kukichokonoa, kazi ikaniangukia mimi.

Niliunganisha betri na kuwasha ufunguo. Mshale wa joto ulicheza, kwa hiyo fyuzi ilikuwa nzima. Mshale wa mafuta haukutikisika. Nikaingia chini kufuata waya unaotoka kwenye geji kwenda kwenye tanki, na hapo juu ya fremu, penye tope kavu na kinyesi cha kuku, nikaukuta. Ulikuwa umekatwa kwa koleo, mkato safi. Kila ncha ilikuwa imefungwa tepu nyeusi na kusukumwa mahali pa giza. Nikafungua tepu ya ncha ya mbele, nikaigusisha kwenye fremu. Binamu yangu aliyekaa kwenye usukani akapiga kelele, "Imepanda! Imejaa!" Basi geji ilikuwa nzima. Nikaunganisha ncha mbili. Mshale ukashuka taratibu, ukatulia kwenye robo. Na kipimo cha ndani ya tanki kilikuwa sawa. Hapakuwa na kitu chochote kilichoharibika katika gari lile.

Anko alinikuta hapo chini. Alikuwa ametoka kwenye mkutano wa wazee wa kanisa, suti imenyooka.

"Msichana, toka huko. Ni nani atakuoa ukinuka grisi?"

"Anko, nani alikata huu waya?"

"Ah. Hiyo ni panya."

"Panya anafunga tepu?"

Akacheka. "Umesoma mpaka unabishana na panya!" Akaingia ndani kunywa chai yake.

Nyanya alikuwa kwenye kigoda, akichambua maharagwe. Alikuwa amesikia yote. Nikamwambia, "Kogo," kama tunavyowaita nyanya kwetu, "umesikia mwenyewe. Lazima jina la yule jirani lisafishwe. Tuseme kanisani."

"Nilijua," alisema.

"Tangu lini?"

"Alikuwa anakuja kula asubuhi akinuka petroli mdomoni. Mimi ndiye mama yake, ningekosa kujua?" Akatupa jiwe dogo nje ya ungo. "Ningefanya nini? Jirani utapata mwingine. Huyu nilimzaa. Nawa mikono, ugali unapoa."

Sikula.

Jumapili niliinuka wakati wa matangazo. Nilisema kwamba mtu aliyefukuzwa hapa kwa jina la mwizi hakuiba kitu, na kwamba nimeona kwa macho yangu waya uliokatwa na mtu wa nyumbani kwetu. Sikuwa nimefika sentensi ya tatu. Mwalimu, mzee sana sasa, aliinuka polepole, akafumba macho, akaanzisha pambio la shukrani. Kanisa zima likalipokea. Anko aliimba sauti ya besi, vizuri sana, na nyanya kando yake akapiga makofi bila kukosea mapigo. Nilisimama kidogo, kisha nikaketi.

Watu wa kwetu wanapenda kulalamika kwamba upendo wa zamani umepotea, kwamba zamani jirani alikuwa ndugu na milango haikufungwa. Wananiambia hayo wakijua ninakumbuka. Sibishani nao tena. Nawauliza tu jirani wao alikuwa nani, na leo yuko wapi.