Banda la Kuku la Daktari Matano

Ilikuwa mwaka sabini na mbili. Hapana, sabini na nne, maana tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Ndipo Matano wa kijiji chetu cha Gwata aliporudi kutoka Ulaya na udaktari wake. Kule alichunguza miaka mingi jinsi mwili wa kuku unavyosoma maagizo ya kutengeneza yai. Akawa anangoja maabara. Wakubwa waliposikia neno kuku, wakamkabidhi banda la kijiji.

Kuku wenyewe walikuwa hawatagi. Mwenyekiti, Mzee Saburi, akamwita.

“Wewe si ndiye uliyesomea mayai?”

“Ndiyo, mzee. Maagizo ya yai yamo hata kwenye damu ya kuku. Ila humo yamezongwa kama uzi kwenye kijiti, hayasomeki mpaka yafunguliwe.”

“Basi yafungue, baba.”

“Hawa wana njaa tu, mzee. Wapeni pumba.”

Pumba zikaletwa, mayai yakapatikana. Mzee Saburi akatangaza mkutanoni kwamba elimu ya Ulaya imezaa matunda, na Matano akaongezewa banda la pili. Watu wakapiga makofi. Matano akangoja yaishe, akauliza kwa upole:

“Na mimi niliyezongwa mle bandani na elimu yangu yote, nani atanifungua?”