Kaltuma Hakutoa Kichwa

Enzi zetu pale Bulapesa, mtoto hakuhitaji saa. Ukisikia harufu ya buna, ile kahawa inayokaangwa na maganda yake ndani ya samli, ulijua wageni wamefika na mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, umekwisha. Tulikimbia nyumbani na vumbi letu mpaka magotini, tukatoa vichwa. Ndiyo ilikuwa salamu: mtoto anainama, mzee anamwekea kiganja utosini na kumbariki. Vijana wa leo wanakuambia "niaje" macho kwenye simu, ati hiyo ni heshima!

Sasa dada yangu mdogo Kaltuma, wa miaka minne, hakutoa kichwa. Ukimwita hageuki, ungedhani hasikii. Lakini fungua mkebe wa sukari uone atakavyokuja mbio! Hakuwahi kunyooshea kitu kidole. Alipanga kokoto mstari mrefu mlangoni, akicheka peke yake, nasi tukauruka tusiuharibu. Na akiguswa kichwa, wooi, mayowe yalifika sokoni. Wengine walisema ni jicho baya. Wengine wakasema mama hajui kulea, na hilo ndilo lililomuumiza.

Siku moja mjomba akaja kutoka Biliqo, kwenye mifugo yake, akataka kumwekea kiganja, Kaltuma akapiga kelele. "Huyu naenda na yeye," mjomba akafoka. "Akikua na mbuzi atashika adabu." Machozi yalimlengalenga mama, maana kaka mkubwa hajibiwi. Mimi sikutaka aende. Nilimpenda sana yule mtoto.

Akko, bibi yetu, akaweka kikombe chini. Alichuchumaa mbali kidogo na zile kokoto, akainua kiganja hewani, akaomba dua yake ya Kiborana mpaka mwisho. Kaltuma hakulia. Aliendelea kupanga, tena akiimba.

"Kwani baraka ni rungu," Akko akamuuliza mwanawe, "lazima impige mtu kichwani?"

Mjomba alicheka mpaka buna ikampalia, kisha naye akainua kiganja. Alirudi Biliqo peke yake. Tangu hapo mtaa mzima ulimbariki Kaltuma kwa mbali, hata jirani yetu Mmeru, muuza miraa, akipita kwenda sokoni.

Juzi juzi mjukuu wangu naye alikuwa haitiki jina wala haonyeshi kitu kwa kidole. Mama yake aliona hivyo kabla mtoto hajafika miaka miwili, akampeleka kliniki. Tukaambiwa ni usonji, amezaliwa nao, si jicho wala malezi. Kumbe hawa vijana wana akili! Anafundishwa mapema, anaendelea vizuri. Kaltuma yuko, mtu mzima sasa, na bado anacheka. Ila mama yetu alikufa kabla hajatokea mtu wa kumwambia kwamba halikuwa kosa lake.